UZI: Nimejaribu monoprinti kwa mara ya kwanza, chapa niliyotaka kuifuta ndo imenishika moyo

taa_za_ziwani (mwenye uzi)

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa mwaka wa pili hapa Dar, nyumbani ni Mwanza. Wiki hii tumeanza somo la uchapaji na zoezi la kwanza ni monoprinti, mwalimu katupa siku nne kila mtu alete chapa mbili. Naandika yote humu maana nilivyotafuta maelezo ya Kiswahili kabla sijaanza sikupata kitu cha kunisaidia, na najua yupo mwingine huko ataanza wiki ijayo hajui ashike wapi.

Kwa ambaye hajawahi kuona: unachukua kitu laini kisichonyonya, kioo au plastiki ngumu, unapaka wino juu yake, unachora humo humo kwenye wino ukiwa bado mbichi, unalaza karatasi, unasugua kwa nyuma, unabandua. Hakuna kuchonga mbao wala asidi. Ila picha inatoka moja tu, kioo kinabaki na wino kidogo na ile kazi yako imeshahamia kwenye karatasi.

Siku ya kwanza niliharibu zote. Nilipata kipande cha kioo kilichobaki kwa fundi aluminiamu wa mtaani, milimita 5, kanisugulia kingo zisinikate, nikanunua rola ya sponji duka la vifaa vya ujenzi na rangi nyeusi ya akriliki. Nilitaka kituo cha daladala jioni, watu wamejaa, konda ananing'inia mlangoni. Nikaviringisha rangi nikaanza kuchora na kijiti taratibu kabisa, nikaweka na madirisha, nikaweka na namba ya gari, huku feni inazunguka juu ya kichwa maana joto la chumba chenyewe mnalijua. Dakika kama ishirini hivi. Nikalaza karatasi nikasugua na mgongo wa kijiko mpaka mkono ukauma, kubandua naona karatasi nyeupe ina mabaka matatu. Rangi ilishakauka kwenye kioo mimi bado niko kwenye madirisha. Ya pili nikasema niweke rangi nyingi basi isikauke, ikatoka kama uji uliomwagika, kila mstari umefunikwa. Ya tatu karatasi iliganda ikachanika nikiibandua. Na ile rola ya sponji inaacha vipovu kila mahali. Nililala nimenuna kwakweli.

Siku ya pili mwenzangu wa darasani akaniazima rola ya mpira, afu kuna fundi wa mashine ya ofseti anachapa kadi za harusi karibu na chuo, nikamweleza shida yangu akanichotea wino mweusi kwenye kikopo bure kabisa. Huo wino ni mzito, una mafuta, unavutika kama bigijii. Na haukauki! Unaweza kuchora, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaendelea.

Sasa hapo ndo nikaacha daladala. Mwalimu alituambia kuna njia mbili, ama unachora wino juu ya kioo kisafi, ama unapaka kioo chote cheusi kisha unatoa mwanga kwa kufuta. Nilivyokiona kile kioo kimekuwa cheusi kote nikakumbuka nyumbani. Aliyekulia kando ya ziwa atanielewa. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanaingia majini na taa, mwezi ukiwa mkubwa hawatoki maana taa inakosa nguvu ya kuwavuta dagaa, na ukisimama ufukweni unaona ziwa lote limekuwa mji. Nilipokuwa mdogo zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, ila kwa mbali ni vilevile, nuru moja moja inacheza juu ya maji.

Nikazitoa taa kwa pamba za masikio, moja moja, kila taa pamba mpya maana iliyokwisha kula wino inachafua badala ya kusafisha. Kivuli cha taa kwenye maji nikakivuta chini kwa kitambaa nilichokiviringisha kidoleni. Mawimbi nikayakwangua kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda. Upande nikaweka jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini pale Mwanza, ndo alama yetu. Nikachukua kipande cha chandarua kizee nikakibonyeza juu ya wino nikakiinua, kikaacha alama ya wavu kabisa, hapo nilipiga kelele jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikachapa. Ikatoka usiku! Mweusi mzito, taa nyeupe kali. Nimefurahi mpaka mikono inatetemeka, nikashika tambara lenye mafuta ya kula nifute kioo nianze nyingine, yule mwenzangu akanishika mkono akasema ngoja, laza karatasi nyingine. Namwambia wino umeisha humo. Akasema laza tu.

Nikalaza, nikasugua kwa nguvu zaidi. Wakuu, imetoka alfajiri. Rangi ya kijivu nyepesi, maji na mbingu vimeshikana huoni mwisho wa hiki na mwanzo wa kile, taa bado zipo lakini zimelegea, kama ule muda mitumbwi inarudi na hakuna aliyekumbuka kuzima. Mimi sikuchora alfajiri, nilichora usiku. Nimekaa naiangalia mpaka saa saba usiku.

Swali langu sasa. Tunatakiwa kupeleka mbili. Je hii ya pili nayo naweza kuihesabu kama kazi, au ni masalia ya ile ya kwanza? Naogopa mwalimu akisema nimefanya kazi moja nikaipeleka mara mbili.

pamba_moja

Weka picha dada, maelezo matamu ila macho nayo yanataka

mstari_mnene

Hongera kwa kujaribu. Ila naomba niulize kwa nia njema kabisa, mimi nimesoma uchapaji zamani kidogo na tulifundishwa kwamba uzuri wa chapa ni nakala. Unachonga ubao mara moja unatoa karatasi hamsini, mtu wa kipato cha kawaida naye anaweza kununua. Sasa kama unapata moja tu na baada ya hapo kioo ni kitupu, kwa nini usichore moja kwa moja kwenye karatasi? Na hiyo ya pili kwa maoni yangu ni wino uliobaki. Mimi nisingeipeleka.

fundi_wa_rola

Mdogo wangu taa_za_ziwani, peleka zote mbili bila wasiwasi. Nitakueleza kwa nini, na kaka mstari_mnene naye asome.

Kwanza tuweke majina sawa maana hata vyuoni watu wanayachanganya. Ulichofanya wewe wenye kutenganisha wanakiita monotaipu, yaani kioo hakina alama yoyote ya kudumu, ukikifuta kimerudi sifuri. Monoprinti kwa maana yake finyu ni pale kibao kina kitu cha kudumu, labda mistari iliyochongwa, halafu kila ukichapa unakipaka wino kwa namna nyingine, kwa hiyo picha ni ndugu lakini si mapacha. Madarasani wengi wanaita zote monoprinti na hakuna aliyefukuzwa shule kwa hilo.

Sasa hiyo chapa ya pili ina historia ndefu tu. Njia yenyewe inahusishwa na Castiglione, mchoraji Mwitaliano wa Genoa, miaka ya 1640, naye alifanya hivyohivyo ulivyofanya wewe, kupaka kibao cheusi na kutoa mwanga kwa kufuta. Ikakaa muda mrefu watu hawaishughulikii sana, mpaka mchoraji Degas kule Paris miaka ya 1870 akaonyeshwa na rafiki yake Lepic, akazama humo, akafanya zaidi ya 300. Na mara nyingi Degas alikuwa anatoa ya kwanza nzito, kisha anatoa ya pili hafifu kutoka kibao kilekile, halafu ile hafifu anaipaka pastel juu, yaani chaki laini za rangi. Kazi zake kadhaa za wacheza ngoma za jukwaani watu wanazoziona kama pastel tupu, chini yake kuna ile chapa ya pili. Kwa hiyo wino uliobaki, kaka yangu, ndio uliokuwa sakafu ya nyumba yake. Mimi naiita chapa kivuli, sijui wengine mnaitaje.

Kuhusu kwa nini usichore moja kwa moja, jibu langu ni fupi. Hakuna mkono unaoweza kuchora ule weusi. Wino uliobanwa kati ya kioo na karatasi unakaa tofauti na wino uliopakwa kwa brashi, na kufuta mwanga kutoka gizani ni kufikiri tofauti, unaanza na usiku unautafuta mchana. Jaribu mara moja halafu uje tubishane tena hapa.

Mdogo wangu, mambo ya mkono sasa. Ukiviringisha rola usiuangalie wino tu, usikilize. Ukiwa mwingi unasikia mlio wa kunata, chwap chwap kama ndala kwenye tope. Endelea kuuviringisha na kuutandaza mpaka usikie sauti nyembamba ya kuchacharika kama mafuta ya kukaangia yaliyoanza kupata moto, hapo ndipo. Uji wako wa siku ya kwanza ungejulikana kwa sikio kabla karatasi haijagusa kioo.

Karatasi kwa wino wa mafuta iwe na unyevu. Nene iloweke kwenye maji nusu saa, itoe, ilaze katikati ya taulo mbili uibonyeze mpaka isiwe na kung'aa kwa maji juu. Karatasi nyepesi ya fotokopi usiiloweke itakufia mikononi, ipulizie tu maji kidogo. Yenye unyevu inaingia kwenye wino, kavu inaelea juu yake, ndo maana ya kwanza mtu anasugua mpaka kiwiko kinaomba poo.

Na la mwisho tafadhali sana, yale matambara. Wino wa ofseti na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), tambara likikunjwa likatupwa kwenye pipa la kona linaweza kupata joto lenyewe mpaka likashika moto, hata bila kiberiti. Yatandaze yakauke nje au yaloweke kwenye maji kabla ya kutupa. Kusafisha kioo endelea na mafuta yako ya kula halafu sabuni ya vyombo, achana na mafuta ya taa chumbani, utaumwa kichwa.

taa_za_ziwani (mwenye uzi)

Fundi nakushukuru sana, nimesoma mara mbili. Matambara nilikuwa nimeyajaza kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, nimeyatoa saa hii hii nimeyaloweka kwenye ndoo.

Picha nimeziweka hapo juu pamba_moja. Ya kushoto usiku, ya kulia kivuli. Nimeipenda hiyo chapa kivuli, naichukua.

mtoto_wa_kirumba

Dada nimeguswa, mimi pia ni wa hukohuko. Ila nimeiangalia picha mara tatu, mbona jiwe la Bismarck limehama? Kwa pale wanaposimama watu kupiga picha, ile miinuko yake umeigeuza yote.

taa_za_ziwani (mwenye uzi)

Umeona sawasawa kaka. Kila kitu kinageuka, kulia inakuwa kushoto, nami nilijua kwa kichwa ila mkono ukasahau. Kuna na mtumbwi niliuandika jina la marehemu babu ubavuni, limetoka kinyumenyume. Kwenye ile ya kivuli limefifia halisomeki kabisa na nimeshukuru. Mwalimu alikuja kuniambia baadaye kwamba dawa yake ni rahisi, unachora kwanza kwenye karatasi nyepesi, unaigeuza, unailaza chini ya kioo, unafuata mistari ukiiona kwa chini. Kwa kioo kilichopakwa cheusi chote huoni kitu, hapo inabidi ugeuze kichwani au uweke kioo cha kujitazamia pembeni.

Nitaichapa tena jiwe likae mahali pake. Lile ni jiwe la watu siwezi kuliacha hivyo.

karatasi_mbichi

Salamu kutoka Nairobi. Huu uzi uko sawa sana, nitauonyesha darasa langu. Huku kwetu tunamwangalia sana Peterson Kamwathi kwa chapa zake za mbao na michoro ya mkaa, na ukikaa mbele ya kazi zake unajua uchapaji ni lugha inayojitegemea, si njia ya kurudufu tu. Nyinyi huko mna mchapaji Robino Ntila na kizazi chake cha Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii kilichoanzishwa Dar 1972, kwa hiyo dada usijione mgeni kwenye hii kazi, imekuwa mtaani kwenu kabla hujazaliwa.

Nikuongezee njia moja ambayo haihitaji hata nguvu. Tandaza wino mwembamba sana kwenye kioo, laza karatasi juu bila kubonyeza, kisha chora kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi. Pale kalamu ilipopita ndo wino unashika. Ukibandua unapata mstari wenye manyoya manyoya, laini, na pale kiganja kilipoegemea kunakuwa na ukungu. Mchoraji Mfaransa Gauguin alichora hivyo akiwa Tahiti kuanzia mwaka 1899. Mimi huwa naegemeza mkono makusudi mahali ninapotaka kivuli. Uzuri wa nyongeza ni kwamba nyuma ya karatasi unabaki na mchoro wako wa kalamu, karatasi moja ina picha mbele na nyuma.

jikoni_studio

Mimi sina kioo wala wino wa ofseti na nakaa ghorofani na watoto wadogo, harufu siitaki, kwa hiyo nachapa kwa jelatini. Vijiko vikubwa viwili vya unga wa jelatini kwa kila kikombe cha maji, koroga kwanza na maji ya baridi kidogo ivimbe, ndo umalizie na ya moto, mimina kwenye sinia, toa mapovu kwa ukingo wa karatasi, weka friji mpaka igande. Inakuwa kama ngozi, inacheza cheza. Rangi ya akriliki inakaa juu yake vizuri, karatasi kavu, unabonyeza kwa kiganja tu.

Kwa joto letu la pwani isikae nje muda mrefu italegea. Nikataka idumu nikajifunza kuchanganya na gliserini, hii hii ya duka la dawa tunayopaka ngozi, ikianza kuchoka unaiyeyusha unaimimina upya. Na tone moja la gliserini kwenye rangi ya akriliki linachelewesha kukauka, taa_za_ziwani labda siku yako ya kwanza ingeokoka. Tone moja jamani, ukizidisha inanata siku tatu. Na mzime feni.

Ninachokipenda kuliko vyote ni majani. Viringisha rangi, tandaza majani juu, laza karatasi, bonyeza, bandua: unapata umbo la jani jeupe katikati ya rangi. Halafu toa majani taratibu, laza karatasi nyingine. Hiyo ya pili inatoa mishipa yote ya jani, hadi ule uzi mdogo kabisa. Jani la kisamvu ndo mfalme, vile vidole vyake vilivyotawanyika, jani la mpapai linafuata. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kuhusu chapa ya pili, kwa majani ya pili ndo yenyewe, ya kwanza ni ya kusafisha njia.

pamba_moja

Swali kwa jikoni_studio, jelatini si inatokana na wanyama? Sisi wengine tunaangalia hilo

jikoni_studio

Ndiyo inatokana na wanyama. Soma pakiti, zipo za ng'ombe zilizoandikwa halali, mimi natumia hizo. Na ukishaitumia kwa rangi hiyo ni ya kazi tu, sinia na kijiko navyo viwe vya kazi, visirudi jikoni.

mstari_mnene

Nimerudi. Jana usiku nilichukua kava la plastiki, yale magumu ya kubaindia ripoti steshenari, nikalipaka wino wa kuchapia mbao niliokuwa nao ndani, nikafuta uso wa mama yangu kwa kitambaa. Nilianza na paji la uso maana ndipo mwanga unapoanzia kwake. Sijawahi kumchora mama yangu nikaanzia hapo, siku zote naanza na macho, na siku zote macho yananishinda.

Nilitoa ya pili pia. Ya kwanza ni nzuri zaidi kwangu, lakini ya pili nimeiacha ukutani. Bado nashikilia kwamba uchapaji wa nakala nyingi una heshima yake na tusiudharau. Ila dada nilikosea kukwambia usiipeleke.

fundi_wa_rola

Kaka umefanya jambo kubwa kurudi kusema. Weka na picha ukipata nafasi. Kava la plastiki linafaa sana, na unaweza kulikwangua kwa sindano, mistari ikabaki humo, ukifuta wino juu bado iko. Hapo ndo unakuwa umeingia kwenye ile monoprinti ya maana finyu niliyosema, nawe na mapenzi yako ya nakala utajisikia nyumbani.

taa_za_ziwani (mwenye uzi)

Mrejesho wakuu. Nimepeleka leo. Nilichapa upya, jiwe limekaa linapotakiwa, jina la babu nimeligeuza likatoka sawa, na kivuli chake nikakitoa papo hapo kabla wino haujalegea. Nimezibandika kwenye karatasi moja ngumu, usiku juu, alfajiri chini, kila moja nikaandika 1/1 kwa kalamu ya risasi, yaani ipo moja tu.

Mwalimu alisimama hapo muda, akauliza hii ya chini uliifanya kabla au baada. Nikamwambia baada, kioo hichohicho. Akauliza kwa nini taa za chini zinaonekana mbali zaidi. Nikamweleza ile habari ya wavuvi kurudi asubuhi na taa hazijazimwa. Hakusema kitu kuhusu alama, aliita wenzangu waje waangalie pale wavu wa chandarua ulipofifia, akawauliza nani anaweza kuchora hivyo kwa mkono.

Mwezi ujao tunaanza rangi mbili. Nataka kujaribu kuipaka ile alfajiri chaki ya rangi kidogo kwenye upeo wa maji, nyekundu hafifu tu, nimebaki na chapa kivuli ya jiwe lililohama naweza kuijaribia kwanza.

mtoto_wa_kirumba

Jiwe nimeliona, sasa ni lenyewe. Naomba unisaidie, mdogo wangu wa kidato cha pili kasoma uzi wote anataka kuanza kesho. Kioo cha dirisha lililovunjika kinafaa?

taa_za_ziwani (mwenye uzi)

Kinafaa ila chembamba kitapasuka akikibonyeza, na kingo zitamkata. Mpeleke kwa fundi aluminiamu amwombe kipande cha milimita 5 kilichobaki, wengi hawakatai, na asisahau kumwambia amsugulie kingo zote nne. Kama hawezi kusubiri mpe kava la plastiki kama la mstari_mnene. Mwambie aandae karatasi mbili mbili.